Mizunguko Elfu Saba na Mia Nane

Kwenye msiba wa Luhende, mwezi wa tano uliopita, nilifika kabla ya turubai. Vijana waliolileta walinikuta nimekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, peke yangu katikati ya uwanja mtupu, wakadhani mimi ndiye ninayekodisha viti. Sikuwasahihisha. Niliwasaidia kuvihesabu: kwa mdomo wao vilikuwa mia moja na ishirini, kwa hesabu yangu mia moja na kumi na sita, na niliporudia vikawa vilevile mia moja na kumi na sita. Baadaye binti mkubwa wa marehemu alikuja kunipa shikamoo, akaniomba niseme maneno mawili matatu kama rafiki wa baba yake wa ujanani. Nikasema baba yao alipiga tumba vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kusimama naye jukwaani, nikakaa. Watu walingoja nyongeza. Nyongeza ilikuwapo, ila si ya kusemwa mbele ya jeneza, maana inahusu msiba mwingine, wa mama yake Luhende, miaka zaidi ya arobaini nyuma. Huo sikuwahi mapema wala sikuchelewa. Sikufika kabisa. Mwaka ule nilipata sauti ya besi na nikampoteza Luhende, na vyote viwili nilivifanya kwa mikono hii, ndani ya chumba kimoja, asubuhi moja.

Habari za nilikozaliwa, Ushirombo, na za wazee wangu, nitaziruka. Hazina kazi hapa. Nianze na chumba. Kilikuwa Shinyanga mjini, hatua chache kutoka reli, katika nyumba ya Mama Kulwa, mjane aliyepangisha vyumba sita na kupika chakula cha kuuza stesheni. Kilikuwa na vitanda viwili vya kamba, meza moja ya mbao za sanduku na msumari mmoja ukutani ambao tuliupokezana: wiki hii shati langu, wiki ijayo shati la Luhende. Kuta hazikufika juu kwenye bati, kwa hiyo kila chumba kilisikia kila chumba. Tulijua nani amekorofishana na mkewe, nani ameota, nani ana sukari na anaikana. Sukari mwaka ule ilikuwa jambo la kukana. Sabuni ilikuwa kwa foleni, betri za redio kwa kujuana, na nyuzi za gitaa zikikatika tulizifunga fundo tukaendelea. Luhende na mimi tulikula sahani moja. Jioni tulikula michembe, yale matambazi ya viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, na asubuhi kile Mama Kulwa alichoshindwa kuuza jana yake. Luhende alikuwa mrefu, mkimya, mtu wa Songwa, mwenye viganja vigumu kama soli. Tulipofikia tonge la mwisho la ugali tuligombea kweli, kwa kusukumana, na aliyeshindwa aliosha sahani.

Bendi yetu ilikuwa ya Mzee Kitwana, mfanyabiashara mwenye ukumbi na lori. Vyombo vyote vilikuwa vyake, kama ilivyokuwa kawaida. Mwanamuziki alikuja na vidole tu. Gitaa la besi nililopewa mimi alilinunua Mwanza kwa bei ambayo hakuitaja, na mimi nilipolitazama mara ya kwanza nilielewa kwa nini. Lilikuwa fupi. Shingo yake ilikuwa pungufu kwa kiganja kizima ukililinganisha na besi za bendi za wakubwa, na wenzangu waliliita gitaa la chekechea. Ufupi wenyewe haukunisumbua, vidole vyangu navyo si virefu. Tatizo lilikuwa pikapu, kile kijisanduku kilicho chini ya nyuzi ambacho husikia mtikisiko wa chuma na kuupeleka kwenye amplifaya. Hicho cha kwetu kilikuwa kiziwi. Nilipiga kwa nguvu zote na kilichotoka ni mvumo kama wa nzi ndani ya chupa, halafu mbali sana, nyuma ya nzi, noti moja. Tumba la Luhende ndilo lililonibeba. Alijua mahali noti yangu ilipotakiwa kusikika, akaigonga yeye, na wachezaji wakadhani wamesikia besi.

Mzee Kitwana hakudhani. Mwezi wa sita, pamba ikianza kuuzwa na watu wa vijijini wakianza kuja mjini na fedha ya kucheza, alinieleza kwa upole kwamba kuna kijana Mwanza mwenye besi yake mwenyewe, ndefu, inayosikika. Angemwita mwezi wa saba. Nikamwomba aniachie gitaa nilitengeneze. Tulipatana kwa muda mrefu kidogo. Yeye alitaka niahidi kulilipa likiharibika. Mimi nilitaka aahidi kwamba likipona huyo wa Mwanza habebi mzigo wake. Mwisho akasema, "Haya. Ukiliua, utanipigia bure mpaka uote mvi." Nikamuuliza mvi ngapi. Akacheka, nikajua nimekubaliwa.

Ufundi niliununua kwa Fundi Maganga, mtengeneza redio wa sokoni, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, na kwamba ya kwangu ni kiziwi kwa sababu aliyeitengeneza alibania waya. Iliyo na mizunguko elfu tatu hunong'ona, alisema, na iliyo na mizunguko karibu elfu nane huongea. Alikuwa na transfoma iliyokufa, ya redio kubwa ya zamani, yenye waya wa namna hiyo. Alitaka miche miwili ya sabuni. Nikampa mmoja. Tukaishia mche mmoja na nusu, tuliokata kwa uzi, na alipogeuka nikapima nusu yake na nusu yangu nikakuta amenizidi kwa upana wa kidole. Lakini aliongeza maarifa bure. Sumaku nilitoa kwenye kitasa cha kabati bovu. Kiini cha kuzungushia waya nilikata kwenye rula ya plastiki. Chini ya kila uzi niliweka skrubu ya chuma. Ili gitaa liache kuvuma kama nzi, nilipaka gundi ndani ya tumbo lake, nikabandika karatasi ya fedha niliyoichuna kwenye sanduku la majani ya chai. Kidhibiti cha sauti na tundu la waya vilitoka kwenye mizoga miwili ya redio ya Fundi Maganga, na vilihitaji kulehemiwa, kazi ya mwisho.

Kabla ya hiyo ilikuwa kazi ya kuzungusha. Niliazima keke ya seremala, ile yenye meno, ambayo ukizungusha mkono wake mara moja ncha inazunguka mara nne. Nikaifunga mezani kwa mpira wa baiskeli. Mkono wa kulia ulizungusha, wa kushoto uliongoza waya, na mdomo ulihesabu. Nilihitaji kufika elfu moja mia tisa na hamsini, mara nne, elfu saba na mia nane. Mimi sijawahi kuamini hesabu moja, kwa hiyo kila nilipofika mia nilihamisha punje moja ya mahindi kutoka bakuli la kulia kwenda la kushoto. Mdomo ukisema kumi na tatu na bakuli likisema kumi na mbili, najua nani wa kumwuliza.

Adui wa kazi hiyo ni salamu. Mtu wa pwani akisoma hapa atashangaa, lakini aliyeishi Usukumani ataelewa. Pale kwa Mama Kulwa hapakuwa na mtu aliyepita mbele ya mlango uliofunguliwa bila kusema mwangaluka, na mwangaluka si neno moja. Unaitikia, unaulizwa kama ni amani, unasema ni amani tu, unaulizwa ya nyumbani, nawe unauliza ya kwake. Waya wangu wa kwanza ulikatika mzunguko wa mia nne nikimwitikia muuza mkaa. Wa pili ulikatika elfu moja na mia moja, kwa mama mmoja aliyekuwa akitafuta kuku wake. Ndipo nilipofanya jambo ambalo hadi leo sijui nilipata wapi ujasiri wake: nilizunguka chumba kwa chumba nikiwaomba watu, kwa heshima zote, wasinisalimie nikiwa nahesabu. Wakubwa nao wasingoje shikamoo yangu. Nitawalipa jioni zote kwa pamoja. Walinitazama kama mtu aliyeomba wasipumue. Kisha wakakubali, maana walikuwa watu wema, na usiku huo nilisikia juu ya ukuta Mama Kulwa akimweleza jirani kwamba kijana wa Ushirombo ana hesabu kubwa, anafika maelfu. Jirani akauliza, maelfu ya nini? Mama Kulwa akasema hajui, lakini mtu hakatazi watu salamu kwa ajili ya kuhesabu mahindi. Nililala nikicheka. Luhende hakuwapo kucheka nami. Mama yake alikuwa amelazwa hospitali ya Kolandoto, na siku hizo alikuwa akilala huko, akipeleka uji kwa baiskeli. Niliahidi kwenda kumwona mgonjwa. Nilipanga kwenda nikimaliza kuzungusha.

Siku ya waya wa tatu ilikuwa Jumatano. Nilianza saa mbili asubuhi. Ilikuwa karibu saa tano, nipo elfu moja mia tatu na kumi na mbili, punje kumi na tatu zimehama, kivuli kilipoingia mlangoni. Nilikijua bila kugeuka. Luhende alisema, "Mwangaluka." Aliisema chini, bila haraka. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa na waya, wa kulia ulikuwa na keke, kwa hiyo niliacha kuzungusha kwa nukta moja, nikainua kidole cha mkono wa kulia, kile cha kumwambia mtu ngoja, na midomo yangu ikaendelea: kumi na tatu, kumi na nne. Akangoja. Nilikuwa nikikiona kivuli chake juu ya meza, kimelala juu ya mabakuli. Nilifika elfu moja mia tatu na arobaini na moja, kivuli kikaondoka. Nikashukuru. Nikasema moyoni, huyu ndiye rafiki, anaelewa kazi.

Baadaye kidogo nilisikia miguu ya wanawake ikiingia na kutoka vyumbani kwa haraka, na kanga zikikung'utwa. Sauti moja iliuliza chini kwa chini, na huyu je? Mama Kulwa akajibu, mwache, anahesabu. Kisha nyumba ikatulia kuliko nilivyopata kuisikia. Sikusalimiwa na mtu, sikusikia mtoto wala redio. Nilifika elfu moja mia tisa na hamsini, punje kumi na tisa na mdomo ukakubali, nikafunga waya kwa uzi na nta ya mshumaa, nikatoka nje nikiwa nimekishika kile kiini chenye waya kiganjani kama yai, nikitafuta mtu wa kumwonyesha.

Uani hapakuwa na mtu. Jiko la Mama Kulwa lilikuwa la baridi, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea saa saba mchana. Alikuwapo Mzee Ramadhani peke yake, mpangaji wa chumba cha mwisho, ambaye miguu ilikuwa imemkataa na hakwenda popote. Nikamwamkia, akaitika marahaba. Nikamuuliza watu wako wapi.

"Wamekwenda Songwa kuzika. Lori la Kitwana limewachukua pale ukumbini."

"Kumzika nani, mzee?"

"Mama wa mwenzako. Amefariki alfajiri."

Nikasema Luhende hakuniambia. Mzee Ramadhani akasema alikuja kuniambia. Alimwona kwa macho yake, amesimama mlangoni pangu muda wa mtu kuswali rakaa mbili. Akauliza, "Ulimwitikia?"

"Nilikuwa nahesabu."

"Basi," alisema. "Angekuambiaje, na hujapokea salamu?"

Hapo ndipo lilipo kosa langu, na nimeligeuza kila upande kwa miaka hii yote. Habari ya kifo haitupwi kwa mtu kama mfupa kwa mbwa. Unasalimia, unaitikiwa, unaulizwa za huko utokako, na hapo ndipo unaposema si nzuri. Luhende alifika kwenye kizingiti cha kwanza, nikamfungia kwa kidole. Chaki ilikuwa pale mezani. Ningeandika namba ukutani, 1312, nikageuka, nikamwitikia, na waya ungeningoja. Hata kama ungekatika, transfoma ilikuwa bado na waya. Lakini hilo ni la asubuhi, na asubuhi naweza kujitetea kidogo. La jioni sina utetezi. Nilikaa kitandani nikapiga hesabu: kwenda Songwa kwa baiskeli ya kuazima na kurudi ni siku mbili, kulehemu ni siku moja, na dansi la kwanza la msimu ni Jumamosi. Matanga yakiisha, Luhende atarudi mwenyewe chumbani, nami nitampa pole hapa hapa, kwa nafasi. Nilihesabu mara mbili. Mara zote mbili ilikubali.

Jumamosi besi iliongea. Sijui kuieleza zaidi ya hivyo. Nilipogusa uzi wa nne, vioo vya taa za ukumbini vilijibu, na mama mmoja mnene aliyekuwa akicheza karibu na jukwaa alijishika kifua, akatazama chini kama anayetafuta kilichomgonga. Gitaa la chekechea. Mzee Kitwana alisimama mlangoni wimbo mzima, kisha akapita nyuma ya jukwaa akaniambia atampelekea yule kijana wa Mwanza barua, asipate taabu ya kuja. Kwenye tumba alikuwapo mtu wa kuazima, fundi, hakukosea. Tulipopumzika nilikaa juu ya sanduku la soda, na kitu nilichotaka kusema kilikuwa kidogo tu, kwamba ni elfu saba na mia nane, na kwamba punje zilikubali. Hapakuwa na wa kumwambia. Wenzangu walisema vizuri, vizuri, kila mmoja akaenda kwa watu wake.

Luhende alirudi Jumatatu nikiwa mazoezini. Alichukua shati lake kwenye msumari, akakunja mkeka, akamwachia Mama Kulwa ufunguo. Alimwambia anakwenda Bulyanhulu, kwenye dhahabu. Nilimuuliza Mama Kulwa kama aliacha neno kwangu, akasema hapana, na baada ya kukoroga sufuria yake kidogo akaongeza, "Sisi tulijua ameshakuambia, Deo. Tulidhani umesikia ukaona bora hesabu."

Nilimweleza. Alisema amesikia. Lakini nyumba ile ilikuwa imejifunza somo nililoifundisha mwenyewe, na ilikuwa nyumba yenye akili. Hakuna aliyenitukana. Walipita tu mbele ya mlango wangu bila kusema kitu, kama nilivyoomba. Nilianza kuacha mlango wazi kutwa, walipita. Niliwasalimia mimi kwanza, wakaitikia neno moja, wakaendelea na njia. Chakula changu kililetwa kimefunikwa, kikawekwa kizingitini, na nilijua kimefika kwa kusikia sahani ikigusa saruji. Tonge la mwisho lilikuwa langu kila siku. Nilikula nikisikiliza juu ya ukuta watu wakiulizana habari za nyumbani, ndefu, za kuzunguka, na mara nyingine nilijikuta naitikia kwa sauti ndogo maswali ambayo hayakuwa yangu.

Nilivumilia hivyo hadi mvua za kwanza. Ndipo nilipoomba ruhusa ya siku nne, nikapanda lori la Kahama, na kutoka Kahama lingine, nikiwa na kilo mbili za sukari na kanga pea moja, rambirambi iliyochelewa miezi mitano. Bulyanhulu ilikuwa matope na vibanda vya nyasi. Wachimbaji waliita kila shimo duara, na niliuliza duara baada ya duara hadi nikaonyeshwa la Luhende. Alikuwa amekaa nje ya kibanda akinoa sururu. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno. Alisimama kabla sijafungua mdomo.

Alinisalimia salamu nzima. Aliuliza kama ni amani, aliuliza ya safari, ya mvua, ya Mama Kulwa, ya Mzee Ramadhani na miguu yake, ya Mzee Kitwana, ya bendi. Alingoja kila jibu. Kisha akaingia ndani akatoa kigoda, cha pekee walichokuwa nacho, akakifuta kwa kiganja, akaniweka. Alininawisha mikono. Alimtuma mwenzake akanunua kuku, na nyama ilipoiva aliokota firigisi akaiweka upande wangu wa sahani, kama apewavyo mgeni wa heshima. Nilimpa pole ya mama. Akasema, "Asante. Tumeshapoa." Nikaanza kumweleza habari ya ile asubuhi, ya waya, ya namba, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, akasema, "Kula, bwana. Itapoa." Tulipofika kwenye tonge la mwisho alitoa mkono wake sahanini, akaniachia.

Asubuhi alinisindikiza hadi mahali malori yalipopakia, mwendo wa nusu saa kwenye matope, akibeba begi langu. Nilimuuliza atarudi lini kupiga tumba. Akasema Mungu akipenda. Alisimama kando ya barabara mpaka lori likawaka, mpaka likaondoka, mkono juu. Nilipata pa kukaa juu ya magunia, karibu na mama mmoja mchuuzi wa dagaa ambaye alikuwa akitutazama tangu tulipofika.

"Una ndugu mwema huko, mwanangu," aliniambia. "Siku hizi watu hawajui tena kumtunza mgeni namna ile."

Nikamwambia ni kweli, mama, hawajui.